Maswali ya Wasomaji: Mkono Unaotetemeka Ukiwa Umepumzika

Barua nilizozichagua mwezi huu zimetoka sehemu mbalimbali za mkoa wetu wa Tanga, na zote zinahusu viungo vinavyokwenda bila ya mwenyewe kutaka, au vinavyokataa kwenda pale mwenyewe anapotaka. Nimezijibu pamoja kwa sababu chanzo cha matatizo yote haya kimo katika sehemu moja ndogo ya ubongo. Sehemu hiyo nimeieleza katika jibu la kwanza, hivyo ningeomba kila msomaji aanzie hapo hata kama swali lake liko mbele.

Swali: Shikamoo daktari. Baba yetu ana miaka 67 na amefundisha chuo cha Kurani hapa Pangani kwa zaidi ya miaka 30. Tangu mwaka juzi mkono wake wa kulia unatetemeka akiwa amekaa barazani bila ya kufanya jambo, kidole gumba kikisugua cha shahada kana kwamba anavuta tasbihi, lakini akinyanyua kikombe cha kahawa mkono hutulia. Hati yake, iliyokuwa ikisifiwa hadi Mkwaja, imekuwa ndogo. Mstari huanza vizuri na kuishia kwa herufi mfano wa sisimizi. Uso wake umekuwa kama wa mtu aliyekasirika, hata wajukuu wanamwogopa. Anatembea kwa hatua fupi, na akifika mlangoni husimama kama aliyegandishwa. Wapo wanaosema ni uzee, wapo wanaosema ni kiharusi, na jirani mmoja anatushauri tumpe unga wa upupu. Je, ni nini hiki, na mwezi wa Ramadhani afunge?

Jibu: Marahaba mwanangu. Umemtazama baba yako kwa makini sana, na kwa ugonjwa wa aina hii kutazama ndiyo nusu ya utabibu.

Ndani kabisa ya ubongo, chini ya lile ganda la nje lenye mikunjo, kuna mafungu ya seli, kulia na kushoto, ambayo madaktari huyaita basali ganglia. Amri ya kunyanyua mkono haitoki humo. Hutoka kwenye ganda la ubongo. Kazi ya mafungu haya ni ya bawabu. Muda wote bawabu hufunga lango ili viungo visiende ovyo, na pale unapotaka kunyanyua kikombe hulifungua kwa ajili ya tendo hilo moja tu, huku akiendelea kuyazuia mengine. Ili lango lifunguke kwa wepesi inahitajika kemikali iitwayo dopamini, nayo hutengenezwa na seli zilizomo juu ya shina la ubongo, katika sehemu ambayo ukiipasua huonekana nyeusi kwa macho, na ndiyo maana ikaitwa kiini cheusi. Bawabu akidhurika, lango huenda likawa zito kufunguka, na mtu akawa mgumu na wa polepole. Au likashindwa kufungwa, na viungo vikawa vinajitupa. Au likafunguliwa kwa misuli inayopingana kwa wakati mmoja, na shingo au mkono ukajipinda. Barua zote zinazofuata zinaangukia katika mojawapo ya hali hizi tatu.

Hali ya baba yako ni ile ya kwanza, na dalili ulizozitaja zinafanana mno na ugonjwa wa Parkinson. Jina hilo ni la tabibu wa London, James Parkinson, aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1817 kwa kuwachunguza watu sita tu, wengine wao akiwa amewaona njiani wakipita. Hata leo utambuzi wake hutegemea zaidi jicho na mkono wa daktari kuliko maabara. Mtetemeko wake huonekana kiungo kinapopumzika, mara nne hadi sita kwa sekunde, na hupungua kiungo kinapotumika. Mtu ambaye mkono wake umetulia akiwa amekaa, kisha ukaanza kutetemeka anapopeleka kikombe mdomoni, kwa kawaida ana tatizo jingine: huenda ni mtetemeko wa kurithi katika ukoo, huenda ni tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, huenda ni dawa ya pumu. Kiharusi nacho huja ghafla, kwa saa au dakika, ilhali ugonjwa wa baba yako umeingia taratibu kwa miaka. Na uzee humpunguzia mtu kasi pande zote mbili. Hauchagui mkono mmoja na kuuacha mwingine.

Nikuombe jambo moja la haraka, kabla hata ya hospitali: waite wajukuu uwaambie kwamba babu hajakasirika. Misuli ya uso hukakamaa kama ya mikono, tabasamu likashindwa kufika usoni ilhali moyoni lipo. Nimewaona wazee walioishia kukaa peke yao kwa sababu watu wa nyumbani waliudhani ugonjwa kuwa kiburi.

Mtetemeko unapoonekana kwa mara ya kwanza, zaidi ya nusu ya seli za kiini cheusi zinakuwa zimekwisha kufa. Kwa hiyo ugonjwa ulianza zamani, na ukimuuliza mama huenda akakuambia kwamba miaka kadhaa nyuma baba alikuwa hasikii tena harufu ya udi, alikuwa anafunga choo mara kwa mara, au alikuwa akipiga kelele na kurusha ngumi usingizini kama anayepigana ndotoni. Mambo hayo mweleze daktari, maana yana uzito.

Wala msidhani kwamba ni ugonjwa wa Wazungu. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika jamii ya watu zaidi ya 161,000, wakawapata wagonjwa 33, na wengi wao walikuwa hawajawahi kuambiwa na yeyote kwamba wana Parkinson. Wasomaji wa rika langu wanamkumbuka bondia Muhammad Ali, aliyefika Dar es Salaam mwaka 1980. Miaka minne baadaye, akiwa na umri wa miaka 42, madaktari walimwambia ana hali hii hii.

Dawa ipo. Mwaka 1960 watafiti wa Vienna waliopima ubongo wa marehemu waliokuwa na ugonjwa huu walikuta dopamini imepungua mno, na kutokana na ugunduzi huo ikaja tiba ya levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini. Hutolewa pamoja na kabidopa, ili isiishie kugeuzwa huko mwilini kabla ya kufika kichwani. Haiponyi, lakini kwa wengi humrudishia mtu hati yake, mwendo wake na uso wake kwa miaka mingi. Ameze nusu saa kabla ya chakula au saa moja baadaye, kwa kuwa protini ya samaki, nyama na maharage hushindana na dawa hiyo njiani. Baada ya miaka kadhaa kila kidonge huanza kuisha nguvu mapema, na wakati mwingine huleta miondoko ya kujinyonganyonga. Hapo daktari hubadilisha kipimo cha dawa, mgonjwa asijibadilishie mwenyewe.

Kuhusu upupu, jirani yako hakukosea kabisa. Mbegu za upupu zina levodopa halisi, na matabibu wa India walizitumia tangu zama za kale. Mwaka 2017 ilichapishwa taarifa ya jaribio lililofanywa nchini Bolivia kwa wagonjwa 18, ambao unga wa mbegu zilizokaangwa uliwasaidia kwa kiwango kinachokaribia kile cha vidonge. Hata hivyo, kipimo cha dawa ndani ya mbegu hutofautiana, kwa hiyo anayetwanga nyumbani hawezi kujua leo amempa mzee kiasi gani na jana alimpa kiasi gani. Presha inaweza kuporomoka anaposimama, na akichanganya na vidonge atakuwa amemeza dawa ileile mara mbili. Muanze na vidonge, na upupu msiuguse bila ya daktari kujua.

Ramadhani inahitaji mazungumzo na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Kidonge cha levodopa hufanya kazi kwa saa chache, na mgonjwa aliyefikia kumeza mara tatu au nne kwa siku akiviruka kutwa nzima anaweza kuganda kitini. Kuacha ghafla kwa siku nyingi kunaweza kuleta homa kali na kukakamaa mwili mzima, hali inayoweza kuua. Ruhusa ya mgonjwa kutofunga baba yako ameifundisha kwa miaka 30. Mkumbusheni kwa upole kwamba sasa ni zamu yake kuipokea.

Kuganda mlangoni kunapungua kwa njia ambayo huwashangaza wengi. Bawabu anaposhindwa kuanzisha mwendo mwenyewe, macho na masikio yanaweza kumsaidia: akiona mstari uliokatiza mbele yake na akakusudia kuuvuka, mguu hunyanyuka. Huenda mmekwisha kuona kwamba msikitini, akiyafuata mazulia yenye mistari ya safu kuelekea kibla, anatembea vizuri kuliko nyumbani. Bandikeni vipande vya utepe sakafuni mbele ya mlango na katika njia ya kwenda msalani, kila kimoja umbali wa hatua moja, au mmoja wenu amhesabie moja, mbili, moja, mbili. Msimvute mkono, maana ndivyo wazee wanavyoanguka na kuvunjika nyonga.

Swali: Daktari, binti yangu wa miaka 19 alikuwa na malaria na kutapika sana, akachomwa sindano katika zahanati moja hapa Makorora. Usiku ule macho yake yalipanda juu yakabaki hukohuko, shingo ikapinda nyuma, ulimi ukatoka nje, naye akawa anasikia kila tunachosema. Shangazi zake walisema ni pepo, wakafukiza ubani na kutaka tumwite mganga. Kesho yake alikuwa mzima. Nimebaki na hofu.

Jibu: Pole sana, mama. Tukio hilo linatisha kuliko mengi ninayoyajua, na sishangai kwamba shangazi walilitafutia maelezo ya pepo, kwa kuwa mgonjwa anakuwa na akili zake timamu huku mwili ukiwa kama umeshikwa na mtu mwingine. Lakini swali la kwanza kuuliza ni hili: katika siku mbili tatu zilizopita ameingizwa dawa gani mwilini?

Dawa ya kuzuia kutapika iliyo maarufu sana, metoklopramidi, hufanya kazi kwa kuziba milango ya dopamini. Kwa wengi haileti shida. Kwa wachache, hasa vijana na zaidi wasichana, huziba pia milango ya dopamini ndani ya basali ganglia, na saa chache baadaye misuli ya macho, shingo, taya na ulimi hujipinda. Hali hiyo huitwa distonia ya ghafla. Huisha yenyewe dawa inapotoka mwilini, na ndiyo sababu binti aliamka mzima. Ubani ulikuwepo tu wakati dawa ikipungua. Angepelekwa hospitali angechomwa sindano ya dawa pinzani, na mara nyingi mgonjwa hunyooka ndani ya nusu saa, mbele ya macho ya waliomleta. Likitokea tena msisubiri asubuhi, kwa sababu mara chache misuli ya koo hubana na pumzi ikazuilika. Waulizeni wahudumu wa zahanati jina la sindano ile, mliandike katika daftari lake la kliniki, na kila atakapotibiwa alitaje.

Dawa nyingine zenye tabia hii ni zile za magonjwa ya akili, kama haloperidoli, kloropromazini na sindano za kila mwezi. Anayezitumia anaweza kupata ukakamavu na mtetemeko usiotofautika na Parkinson, na baada ya matumizi ya miaka, midomo na ulimi huweza kuanza kutafunatafuna bila ya kitu mdomoni. Hata vidonge vya sinarizini, ambavyo wazee wetu humeza kwa miezi kadhaa kwa ajili ya kizunguzungu, huweza kuwaletea mwendo wa Parkinson, na vikiachwa kwa ushauri wa daktari wengi hurudi katika hali yao ndani ya miezi. Nasisitiza neno ushauri. Mgonjwa wa akili anayeacha dawa kimya kimya kwa sababu ya mtetemeko hurudiwa na ugonjwa uliompeleka hospitali, ilhali kipimo kingeweza kupunguzwa au dawa ikabadilishwa.

Swali: Mimi ni mwalimu wa darasa la nne wilayani Muheza. Mwanafunzi wangu wa kike, miaka 10, aliyekuwa na hati nzuri, kwa wiki tatu sasa anaangusha kalamu na kikombe cha uji, anakunja uso, mabega yanarukaruka, analia kwa jambo dogo. Mwenzangu mmoja alimchapa kwa utundu. Mama yake anasema akilala hutulia kabisa, na kwamba miezi miwili iliyopita aliugua koo. Nahisi huyu mtoto hatendewi haki.

Jibu: Mwalimu, umehisi sawasawa, na nakushukuru kwa kuandika. Tafadhali mtoto huyu asichapwe tena, na wiki hii hii apelekwe hospitali ambako moyo wake utapimwa.

Maumivu ya koo ya watoto mara nyingine husababishwa na bakteria aitwaye streptokokasi. Kinga ya mwili hutengeneza silaha za kumpiga, na kwa baadhi ya watoto silaha hizo humkosea adui zikageukia viungo vyao wenyewe: maungo, moyo, na basali ganglia. Hapo lango la bawabu hubaki wazi, na vijitendo visivyoitwa hupenya kimoja baada ya kingine. Thomas Sydenham, tabibu wa Uingereza, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1686, na mpaka leo huitwa korea ya Sydenham, neno la kwanza likitokana na lugha ya Kiyunani kwa maana ya kucheza ngoma. Kabla yake watu wa Ulaya walikuwa wakiwapeleka watu wenye miondoko ya namna hii katika makanisa ya mtakatifu mmoja aliyeaminiwa kuwa na mamlaka juu yao, kwa hiyo tabia ya kukimbilia mizimu kabla ya kuuliza habari za koo si yetu peke yetu.

Mjaribu kwa vitendo viwili vyepesi. Mwambie atoe ulimi na kuuweka nje mpaka uhesabu kumi. Ulimi utajirudisha ndani kabla hujamaliza. Kisha ashike vidole vyako viwili na kuvikaza. Utahisi anakaza na kulegeza, anakaza na kulegeza, kama mtu anayekama ng'ombe. Hayo hawezi kuyaigiza mtoto mtundu, wala hawezi kuyazuia mtoto mtiifu. Hugusa wasichana zaidi kuliko wavulana, kwa kawaida kati ya miaka 5 na 15, na hasira za karibu pamoja na kilio ni sehemu ya ugonjwa wenyewe.

Miondoko itaisha, mara nyingi ndani ya miezi sita, na ikizidi zipo dawa za kuituliza. Ninachokihofia ni moyo. Shambulio lilelile linaweza kuziharibu valvu za moyo bila ya maumivu yoyote, na kila koo jipya huongeza uharibifu. Kwa sababu hiyo mtoto huwekwa katika sindano za penisilini kila wiki tatu au nne, kwa miaka, mara nyingi hadi atimize miaka 21, na zaidi ya hapo endapo moyo umeguswa. Wazazi wengi huziacha sindano mara tu mtoto anapotulia, kwa kuwa wanaona mgonjwa amepona. Wewe unayemwona kila siku unaweza kuwakumbusha tarehe. Atakapokuwa mtu mzima awaambie wakunga na wauguzi habari hii, kwa sababu ujauzito na baadhi ya vidonge vya uzazi wa mpango huweza kuirudisha miondoko ile.

Kuhusu darasani, mpe kikombe chenye kifuniko, mpunguzie kazi ya kuandika, na waambie wenzake kwamba ni ugonjwa wa koo uliopanda, nao hauambukizi kwa kukaa naye dawati moja.

Swali: Mwezi wa Julai, hapa Lushoto, kaka yangu alilala na jiko la mkaa chumbani kwa sababu ya baridi. Tulimkuta hajitambui, akapelekwa hospitali, akazinduka na kurudi shambani. Baada ya wiki tatu amekuwa mzito, anaburura miguu, anajibu polepole. Je, vinahusiana?

Jibu: Vinahusiana, ndugu yangu. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Sehemu ya basali ganglia iitwayo globasi palidasi, kulia na kushoto, huathirika upesi sana na ukosefu huo wa hewa. Kinachowapotosha watu ni kwamba mgonjwa huweza kuamka, akaonekana mzima, kisha siku chache hadi wiki kadhaa baadaye akaanza uzito kama wa Parkinson, usahaulifu na hata kushindwa kuzuia mkojo. Mrudisheni hospitali na mlitaje jiko, kwa sababu daktari asiyeambiwa habari ya jiko atatafuta sababu nyingine. Wengi wa waliochelewa kuathirika hupata nafuu taratibu katika muda wa miezi, hata mwaka, kwa hiyo msimkatie tamaa na mumfanyishe mazoezi. Na jiko litolewe nje kabla ya mlango kufungwa, hata kama moto unaonekana umekufa. Makaa yaliyofunikwa majivu bado yanatoa gesi.

Swali: Daktari, mtoto wangu wa kwanza alikuwa wa manjano sana siku ya tatu, tukashauriwa kumuota jua asubuhi. Sasa ana miaka 5, mikono inajipinda taratibu kama nyoka, hawezi kuongea, na watu wanasema ni taahira. Nami sasa ni mjamzito tena. Nawezaje kumkinga huyu wa pili? Niko Mkinga.

Jibu: Mama, huyu mkubwa nianze naye, maana neno walilomwita limeniumiza. Umanjano wa mtoto mchanga hutokana na bilirubini, takataka ya chembe nyekundu za damu zilizovunjika, na ikizidi mno hupenya ubongo na kuuchoma zaidi ule upande wa globasi palidasi pamoja na njia za kusikia. Ganda la ubongo, ambamo mtu hufikiri, mara nyingi hubaki salama. Watoto wa namna hii wengi wanaelewa kila neno linalosemwa mbele yao na wanakosa tu mikono na ulimi wa kujibu. Apimwe masikio, kwa sababu wengi wao wana uziwi usiotambuliwa. Kisha mjaribu kwa macho: mwekee vitu viwili anavyovijua, muulize kiko wapi kijiko, uangalie anatazama wapi. Mazoezi ya viungo yatamsaidia kukaa na kula bila ya kupaliwa.

Kwa huyu ajaye, jifungulie hospitali, na umwambie mkunga mapema yaliyomtokea mkubwa. Kundi lako la damu lipimwe. Mtoto akiwa wa manjano ndani ya saa 24 za kwanza, hiyo ni dharura. Siku zinazofuata tazama weupe wa macho na fizi, na ikiwa viganja na nyayo vimekuwa vya manjano, au ananyonya kwa uvivu, analala mno, analia kwa sauti nyembamba au anajipinda mgongo, mpeleke usiku huo huo. Jua la dirishani halitoshi. Hospitali huwa na taa za mwanga wa buluu zinazoibadilisha bilirubini ili itoke mwilini, na hali ikiwa mbaya damu hubadilishwa.

Liko jambo la mwambao wetu ambalo halisemwi vya kutosha. Katika nchi zilizokaa na malaria kwa karne nyingi, watu wengi huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha damu kiitwacho G6PD, na wavulana ndio huathirika zaidi. Mtoto mwenye upungufu huo damu yake huvunjika ghafla akivishwa nguo zilizokaa sandukuni na vile vidonge vyeupe vya naftalini vya kufukuzia wadudu, na hina nayo, akipakwa mchanga, imewahi kuleta madhara hayo hayo. Khanga na nguo za mtoto zihifadhiwe bila ya vidonge hivyo, na hina ingoje.

Swali: Mama yangu, Korogwe, ana sukari na aliacha dawa. Tangu juzi mkono na mguu wa kushoto vinajirusha kwa nguvu, hata anajigonga ukutani.

Jibu: Apelekwe leo, usingoje gazeti la mwezi ujao wala barua yangu ya pili. Kwa mwenye kisukari, sukari iliyopanda mno huweza kuvuruga basali ganglia za upande wa pili wa kichwa, na mara nyingi miondoko hupungua sukari inaposhushwa. Huweza pia kuwa kiharusi kidogo katika kiini kisichozidi sana ukubwa wa punje ya mbaazi. Kwa mtu mwenye VVU ambaye kinga yake imeshuka, sababu huweza kuwa vimelea vya toksoplasma, ambavyo vina tiba. Mfungieni mto mkononi njiani asijiumize.

Swali: Foleni hospitalini ni ndefu na daktari ana dakika chache. Baba akifika mbele yake hutulia, tunaonekana waongo. Twende na nini? Wasomaji wawili, Ngamiani.

Jibu: Nendeni na simu. Mrekodini nyumbani katika mwanga mzuri, dakika moja amekaa mikono mapajani huku akihesabu kutoka mia kurudi nyuma, maana mtetemeko wa kupumzika hutokea akili inaposhughulishwa. Kisha akitembea, akigeuka, akinywa maji na akiandika sentensi moja. Lete na karatasi yenye hati yake ya zamani. Wekeni katika mfuko mmoja kila dawa aliyoimeza mwaka huu, zikiwemo za dukani na za mitishamba, na muandike mwezi dalili zilipoanza na upande zilikoanzia. Mkiyafikisha hayo Bombo, au hospitali yoyote iliyo karibu nanyi, daktari atakuwa na cha kuanzia hata kama mzee ametulia tuli kitini.